Kwa Baiskeli Mpaka Muleba

Jumapili asubuhi, Julai 1955
Muleba, nyumbani kwa baba

Ukungu umelala juu ya migomba tangu alfajiri na hauonyeshi dalili ya kuondoka. Kahawa ya mama iko uani kwenye mikeka, imefunikwa, inangoja jua. Kengele ya kwanza ya kanisa bado haijapigwa. Nimekaa kizingitini, mguu wa kulia nimeunyosha kwa sababu goti halikunjiki, na daftari liko juu ya paja la kushoto.

Naandika kwa Kiswahili. Hapa nyumbani wote husoma Kihaya upesi mno.

Jana niliendesha baiskeli kutoka Bukoba mpaka hapa. Nataka niandike yote leo, kabla watu hawajaanza kunisimulia safari yangu mwenyewe.

Nianze na uongo, maana ndio uliotangulia.

Mimi ni mkunga. Kwa miaka minne nimefanya kazi katika wodi ya wazazi mjini Bukoba, nikiishi chumba cha kupanga Miembeni pamoja na mwenzangu Paulina, naye mkunga. Mwezi wa tano ilitangazwa kazi ya mkunga wa kuzunguka vijijini huku kwetu: kuwapima wajawazito majumbani mwao, kuzalisha, na kuwapeleka hospitali mapema wale walio hatarini. Fomu ilikuwa na maswali mengi. La mwisho liliuliza kama ninajua kuendesha baiskeli.

Nikaandika: Ndiyo.

Sikuwa nimewahi hata kushika usukani.

Sababu ninaijua. Mwaka jana aliletwa wodini mwanamke mmoja kwa machela. Mumewe na shemeji zake walikuwa wamembeba siku mbili kutoka upande huu wa Muleba. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Mama tulimwokoa. Siku ya tatu, nilipokuwa nikimbadilishia shuka, aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia, Muleba. Akanitazama, wala hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayeuliza njia tu. "Kumbe ni wa kwetu," akasema. "Sasa mbona uko huku?"

 Nilikunja shuka chafu nikatoka.

Basi barua ilipokuja kwamba niende Muleba Jumamosi, saa nane mchana, mbele ya kamati, "pamoja na baiskeli," nilikuwa na wiki tatu za kuugeuza uongo wangu kuwa kweli. Paulina aliniazimia baiskeli ya kaka yake mpaka nitakapopata yangu, nyeusi, ya kiume, yenye lile bomba la juu kati ya kiti na usukani. Kila alfajiri tulikwenda nayo Kashai, kwenye uwanja wa nyasi, yeye akishika kiti nyuma na kukimbia, mimi nikipiga pedali na kumwomba Mungu. Nilishona sketi pana, nikaigawanya katikati kama suruali, lakini kwa namna ambayo nikisimama haionekani. Kisimani Miembeni wanawake walinionya kwamba kizazi kitashuka. Nimezalisha nusu ya wanawake wale. Nikawaambia kizazi kimefungwa vizuri zaidi ya mzigo wa kahawa. Walicheka, lakini hawakuamini.

Mtu mmoja tu sikumwambia. Baba.

Baba ni mzee wa kanisa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, alisikia kwamba binti wa mwalimu fulani amepanda baiskeli. Akasema wakati wa chakula, bila kupandisha sauti, kwamba mwanamke aliyelelewa hapandi kitu kwa kutanua miguu. Halafu akaendelea kula. Neno lile limekaa nami tangu siku hiyo.

Na baba ni mmoja wa wajumbe saba wa kamati ile.

Jana, basi. Niliondoka Miembeni saa kumi na mbili asubuhi. Paulina alinisindikiza mpaka barabara ya kusini, akakaza kamba ya begi langu kwenye keria, akasema, "Usitazame gurudumu. Tazama unakokwenda." Hakusubiri nipotee machoni. Alikuwa na zamu.

Kulikuwa na ukungu kama huu wa leo. Ziwa lilikuwa upande wangu wa kushoto, silioni, nalisikia tu. Barabara ya changarawe ilikuwa tupu. Nilipita migomba na migomba, nyumba za msonge zikitoa moshi kwenye paa la nyasi, harufu ya maua ya kahawa yaliyochelewa, mbwa mmoja aliyenifuata kisha akachoka. Mlima wa kwanza niliusukuma. Wa pili nikaupanda nikiwa nimekaa, nikitweta, na nilipofika juu sikuamini kwamba miguu ile ni yangu.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayenisikia: nilifurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi na kwa hofu. Furaha sikuitarajia. Mteremko wa kuelekea Kanazi upepo ulijaa ndani ya sketi, macho yakatoa machozi, nami nikaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ambayo kanisani haikubaliki.

Kanazi nilishuka. Pale ipo nyumba kubwa ya mawe ya Mukama, yaani mfalme, iliyojengwa enzi za Mjerumani, na mtu hapiti mbele yake akiwa amekaa juu ya kitu. Nikaisukuma baiskeli taratibu, nimeinamisha kichwa. Mlinzi wa langoni alinitazama mimi, akaitazama baiskeli, akatazama nyuma yangu barabarani, nadhani akimtafuta mwanamume mwenye mali.

Baada ya Kemondo jua likatoka, na watu nao wakatoka. Ilikuwa siku ya soko. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Kwetu mwanamke akikutana na mzee njiani hupiga magoti kumsalimu. Nimelifanya hilo tangu nijue kutembea, silifikirii, kama vile mtu asivyofikiria kupumua. Lakini sikuwa nimelifanya juu ya baiskeli. Mzee wa kwanza nilishuka, nikaiegemeza kwenye mgomba, nikapiga magoti, nikasalimu, nikapanda tena. Wa pili vivyo hivyo. Wakaja watatu pamoja. Kisha mmoja, kisha wawili wenye mbuzi. Jua likapanda, mimi sijatoka mahali. Kila nilipopata mwendo, mbele yangu ilitokea kofia na mkongojo.

Kabla ya kufika Muhutwe kuna mteremko mkali wenye kona. Chini yake niliona mzee anapanda, peke yake, ana kapu kichwani. Nilikuwa nakwenda kasi. Nikavuta breki ili nishuke nimpigie magoti, gurudumu la nyuma likateleza, nikaanguka mbele ya miguu yake, mimi, baiskeli na begi.

Mzee aliweka kapu lake chini. Akanitazama nilivyolala.

"Mwana wange," alisema, "salamu nimeipokea. Lakini siku nyingine nisalimie ukiwa mzima."

Jina lake Kagaruki. Alininyanyua, akakung'uta vumbi begani mwangu, akaniuliza naenda wapi na kufanya nini. Nilimweleza. Hakusema lolote kuhusu wanawake na baiskeli. Aliinua baiskeli, akazungusha pedali, mkono wa pedali ukazunguka peke yake, ukaning'inia. Pini inayoushika ilikuwa imekatika na nusu yake imepotea kwenye changarawe.

Tuliitafuta tukiwa tumeinama wote wawili. Hatukuiona. Ilikuwa karibu saa nne.

"Twende kwa Mutayoba," akasema Mzee Kagaruki. "Ni mhunzi. Kama moto wake unawaka, utaondoka. Kama hauwaki, utalala kwetu."

Moto ulikuwa unawaka. Mutayoba ni mtu mnene, mwenye umri wa makamo, uso umejaa masizi. Alikuwa ananoa majembe. Mkewe alinizuia nikiwa bado mbali na kibanda, akaniketisha kwenye migomba, kwa sababu wanawake hawakaribii moto wa mhunzi. Ardhi pale ina mawe meusi, mazito, yenye matundu. Mkewe aliniambia kila wanapolima wanayatoa, ni mabaki ya chuma kilichoyeyushwa na watu wa ukoo wa mumewe, zamani, kabla ya Mjerumani, kabla ya jembe la dukani. Aliyasema kama mtu anayelalamika juu ya magugu.

Kutoka nilipokaa niliwasikia wanaume.

"Ni ya nani?" aliuliza Mutayoba.

"Ya yule binti."

"Nauliza mumewe ni nani."

"Hana mume. Ni yake, anaiendesha mwenyewe."

Nyundo ikanyamaza. "Mimi sijawahi kutengeneza baiskeli ya mwanamke."

"Itazame vizuri," alisema Mzee Kagaruki. "Ukiona mahali ilipo na matiti, usiitengeneze."

Mkewe aliweka kiganja mdomoni. Ndani ya kibanda mivukuto ikaanza kupuliza tena.

Alichukua kipande cha jembe bovu, akakipiga, akakichovya kwenye maji, akakijaribu, hakikuingia, akakipiga tena. Nilitamani kumwambia afanye haraka. Nilikaa nikitazama kivuli cha mgomba kikifupika. Mwishowe aliileta baiskeli mwenyewe mpaka migombani, akaikanyaga pedali kwa uzito wake wote ili nione.

"Hii itakufikisha Muleba," alisema. "Kurudi sijui."

"Sirudi," nikamjibu.

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye majembe yake.

Mzee Kagaruki alinisindikiza barabarani. Pale nikapiga magoti vizuri, magoti yote mawili kwenye vumbi, nikamshukuru. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Sasa sikiliza. Huko mbele kuna wazee wengi kuliko maili. Piga kengele, inamisha kichwa, sema waitu, na upite. Atakayekasirika, mwambie Kagaruki wa Muhutwe ndiye aliyekuruhusu." Nikamuuliza kama ana cheo. Akasema hana, lakini huko mbele hawajui.

Nilifanya hivyo. Wa kwanza niliyempita bila kushuka, moyo ulinipiga kama nimeiba. "Waitu," nikasema, neno letu la heshima, nikainamisha kichwa. Sikugeuka kuona uso wake.

Baada ya Muhutwe vijiji vinaachana. Unatoka kwenye kivuli cha migomba na ghafla uko kwenye rweya, nyasi tupu pande zote, vilima vimekaa kama migongo ya ng'ombe waliolala, na upepo. Hakuna mtu. Nilikwenda muda mrefu nikisikia mnyororo tu. Ni pahali pazuri sana na pahali pa kutisha, kwa kuwa hakuna wa kukuona ukianguka.

Nikaanguka.

Ulikuwa mchanga uliojikusanya njiani. Gurudumu la mbele lilizama, nikatua kwa goti la kulia. Ngozi ilitoka kipande kizima. Nimefunga majeraha mengi ya watu, lakini jana nilikaa chini katikati ya barabara, nikatazama damu inavyoingia kwenye soksi, nikalia. Sikulia kwa maumivu. Nilitazama jua nikajua ni saa sita imepita, na Muleba bado iko mbali, na wote waliosema siwezi walikuwa sahihi.

Nikiwa hapo lori la kahawa likaja kutoka nyuma yangu. Dereva alikuwa kijana wa Kihaya, ana adabu, amevaa kofia ya mjini. Alisimama, akateremka, akaona goti, akasonya kwa huruma.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Muleba."

"Nami napita huko huko. Baiskeli nitaipandisha juu ya magunia. Wewe kaa mbele."

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilisimama. Niliishika baiskeli ili nimpe. Nilikwisha kupanga yote kichwani: nitamwomba aniteremshe kabla ya mji, nitapanda, nitaingia mbele ya kamati nina vumbi na damu, saa nane kamili. Nani angejua? Hata mimi baada ya mwaka mmoja ningekuwa nimesahau.

Lakini nilikuwa nimeandika Ndiyo moja kwenye fomu ile, na wiki tatu nzima nilikuwa nikiilipia kwa magoti na viwiko. Ya pili nisingeweza kuilipia. Na kuna jingine, dogo zaidi: siku ambayo ningeitwa vijijini usiku, bila lori, ningekuwa sijui kama ninaweza.

"Asante, kaka," nikasema. "Nitakwenda hivi hivi."

"Muleba bado mbali, dada."

"Najua."

Alidhani ninamwogopa. Alirudi nyuma hatua mbili, akaweka chupa ya maji juu ya jiwe, akapanda lori lake. Vumbi lilipotulia nilinywa nusu, nusu nikaosha goti, nikalifunga kwa bendeji kutoka kwenye begi, nikapanda.

Sehemu iliyobaki siikumbuki vizuri. Nakumbuka Izigo, watoto wakikimbia pembeni. Nakumbuka kengele yangu na waitu, waitu, waitu. Nakumbuka nilivyosukuma mlima nimeegemea usukani kama mgonjwa anayeegemea ukuta.

Nilifika barazani saa tisa na nusu.

Kamati ilikuwa bado imekaa. Mwami wa gombolola, yaani mtawala wa tarafa yetu, katikati, wazee pande zote, mwalimu mmoja akiandika, na Bibi Msimamizi, yule Mzungu anayesimamia wakunga, mwishoni mwa meza. Kwenye benchi la mbele alikaa Gozbert, mganga msaidizi, naye ameiomba kazi hiyo hiyo, amenyoa vizuri, na nje niliona baiskeli yake inang'aa. Baba alikuwa wa tatu kutoka kushoto.

Aliniona mlangoni. Aliiona sketi, aliliona goti, na nyuma yangu aliiona baiskeli. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Nilipiga magoti nikasalimu. Goti lilipogusa sakafu niliona nyota.

"Umechelewa," alisema Mwami.

"Ndiyo, Mwami. Baiskeli iliharibika njiani."

"Na mwanamke aliye katika uchungu, naye utamwambia hivyo?"

"Nitamwambia hivyo, Mwami, lakini nitakuwa nimefika."

Bibi Msimamizi aliinua fomu yangu. Alisema hapa nimeandika kwamba najua kuendesha baiskeli, tangu lini? Nilikuwa nimejiandaa kujibu, tangu zamani. Badala yake nikasema ukweli. Nilisema siku ile nilipoandika nilikuwa sijui. Nilisema nimejifunza kwa wiki tatu, na leo nimetoka Bukoba saa kumi na mbili, nimeanguka mara mbili. Nilisema kama kosa la fomu linaniondoa, basi niondolewe, lakini naomba waandike kwamba sasa najua.

Mwalimu aliacha kuandika. Gozbert alitazama viatu vyake.

Mzee mmoja aliye karibu na dirisha, mwenye ndevu nyeupe, ndiye aliyeanza. Hakuwa mkali. Alisema kwa masikitiko kabisa. "Mimi kosa la fomu silijui. Ninachojua, huyu akipewa kazi hii atatupita njiani amekaa juu, sisi wazee wake tuko chini. Atatusalimuje? Na mabinti wetu wakimwona, watatusalimuje kesho?"

Wengine wakanung'unika kumuunga mkono. Nilifikiri juu ya Kagaruki wa Muhutwe asiye na cheo, nikafungua mdomo.

Baba alisimama.

"Mimi ni baba yake," alisema. "Kwa hiyo sitaamua, na nitakapomaliza kusema nitatoka nje. Lakini kuhusu salamu nina neno." Alimgeukia mzee wa dirishani. "Wanawake wa kijiji changu wamenipigia magoti miaka mingi, wananisalimu vizuri sana. Watatu kati yao nimewazika na watoto wakiwa tumboni. Mmoja alinisalimu Jumapili, nikamzika Alhamisi. Wangekuwa hai, na wanapita mbele ya nyumba yangu bila kunitazama, mimi ningekaa uani nikawashukuru."

Akachukua kofia yake akatoka.

Alinipita karibu. Hakunitazama.

Mwami akasema maneno ni maneno, na yeye anataka kuona. Tukatoka wote. Watu wa soko walikwisha kusikia na walikuwa wamejaa pembeni mwa uwanja. Nikakunja sketi, nikapanda. Goti lilikuwa limekakamaa, mzunguko wa kwanza niliyumba mpaka mtu mmoja akaguna. Wa pili nikanyooka. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi kizee mmoja mwenye ndizi alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akawa anajifuta machozi na kusema kwa Kihaya kwamba sasa anaweza kufa, ameona yote. Nikazunguka mara ya tatu. Hiyo ya tatu hawakuniomba.

Uamuzi wao ni huu: Gozbert atachukua vijiji vya upande wa barabara ya Biharamulo, na atafanya kazi ya dawa na vidonda. Mimi nitachukua vijiji vya upande wa ziwa, kazi ya uzazi, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mzee wa dirishani hakukubali, nao wakaandika kwamba hakukubali. Ni haki yake. Nitampita njiani mara nyingi, na sijui bado nitafanya nini.

Baba alikuwa ananingoja kwenye njia ya nyumbani. Tulitembea, mimi nikiisukuma baiskeli, yeye hatua mbili mbele. Tulipofika kwenye kijito alisema bila kugeuka:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa, tata."

Alifikiri. "Ningekataa."

Tukavuka. Upande wa pili akauliza, "Na ungekuja?"

"Ningekuja."

 Kwenye mlima wa mwisho alikuja nyuma akaweka mkono kwenye keria, akasukuma.

Mama ndiye aliyenigombeza, tena sana, huku akinichemshia maji ya chumvi. Alinigombeza kwa goti, kwa sketi, kwa kukonda, kwa kutoandika barua tangu Pasaka. Nilikula ndizi na maharage mpaka nikasinzia nimekaa.

Nilifikiri leo ningeandika zaidi juu ya hofu niliyonayo. Miezi mitatu si mingi. Nikichelewa mara moja, mara moja tu, watasema walijua. Nilitaka kupanga: kesho nipumzike, Jumanne nianze na vijiji vya karibu, goti lipone kwanza.

Kengele ya kwanza imepigwa. Na kabla haijanyamaza, mtu amebisha uani.

Ni mwanamke mtu mzima, kanga yake imelowa umande mpaka kiunoni. Ametembea tangu gizani. Anasema jana alikuwa sokoni, ameniona nikizunguka uwanja. Mke wa mwanawe ana mimba ya miezi minane. Nimemuuliza anaumwa nini. Anasema haumwi, amevimba tu, miguu na uso, na tangu jana kichwa kinamgonga na anaona vimulimuli.

Najua vimulimuli hivyo, ni dalili ya kifafa cha mimba. Huyo hatakiwi kungoja Jumanne. Hatakiwi kungoja hata ibada iishe.

Mama amepiga magoti mbele yangu ananifunga goti upya, anakaza, analalamika. Ndiyo maana nimepata dakika za kumaliza ukurasa huu. Baba ametoka amevaa koti lake la kanisani. Amemsikiliza yule mama mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Nenda. Nikikuta machela ya kanisa haina kazi, nitawatuma vijana waje nayo nyuma yako. Mchungaji nitamweleza mimi."

Nimeuliza ni wapi. Yule mama amenyosha mkono kwenye kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Ukungu umekifunika, sikioni.

Kuna mteremko mmoja, kisha mlima. Mteremko nitaushuka polepole. Mlima nitausukuma.

Naenda.